Watu Watatu Nyuma ya Pazia

Mara ya kwanza kusikia ule muziki, nilihesabu wapigaji. Ndivyo tulivyokuwa tukisikiliza magitaa Goma wakati ule: redio ikilia tu, kila mtu barazani anatoa hukumu, huyu wa solo ni hodari, huyu wa akompa, gitaa la katikati, amelala, yule wa besi wamwongezee bia. Kwa hiyo mwalimu wetu, masera, alipobonyeza kaseti yake darasani, nami nikahesabu. Walikuwa watatu. Mmoja aliimba juu kwa nyuzi nyembamba, mmoja alimjibu katikati, wa tatu alitulia chini na besi yake nzito, na mara moja moja mmoja wao aliacha kucharaza akaligonga gitaa likalia kama ngoma. Niliwapenda wote watatu palepale.

Huyo masera alikuwa mtawa kutoka Uhispania, mwanamke wa kucheka kwa sauti, aliyetufundisha kuimba na kushona katika lise ya wasichana. Ilikuwa miaka ya Zaire, miaka ya suti za abacost na ngoma za animasyo, na kila asubuhi kabla ya masomo tulikichezea na kukiimbia chama mpaka magoti yakauma. Kuimba tulikuwa tumeshiba. Lakini masomo ya masera yalikuwa Jumamosi, kwa wale wa kwaya tu, na alikuwa na magitaa mawili: moja lake, na moja la yule atakayetaka kusindikiza nyimbo za misa. Nilinyoosha mkono kabla hajamaliza kuuliza. Nyumbani nilikuwa nimejifunzia gitaa la bati la mafuta alilotengeneza kaka yangu, lenye nyuzi za breki ya baiskeli, na vidole vyangu vilikuwa na makovu ya kutosha.

Masera alituambia kwamba muziki wa kaseti ile uliandikwa na mtu wa kwao, tena si zamani za wafalme, ni katika karne hii yetu. Mtu huyo alichukua nyimbo za vijijini, za wachungaji, za harusi, za kubembeleza watoto, akaziweka kwenye gitaa. Ule wimbo wa katikati, wa polepole, bibi yake masera aliuimba akikamua kondoo. Darasa zima likacheka. Nani anakamua kondoo? Masera akasema kwao wanakamua, na maziwa yake wanatengeneza fromaji, yaani jibini. Hapo mimi nikaacha kucheka. Ukoo wetu ni wa Masisi, tumekuzwa na ng'ombe na fromaji, na mtu anayeimba akikamua nilimjua vizuri.

Likizo ya Pasaka nikaazima kaseti. Kaka yangu alikuwa anapiga akompa katika orkestra ndogo ya mtaani kwetu Murara, na rafiki yake alikuwa mtu wa besi. Tukakaa nyuma ya nyumba, juu ya ukuta wa mawe meusi, tukagawana kazi: mimi solo, kaka katikati, rafiki yake chini. Tulifanya kazi likizo nzima. Tulisikiliza kipande, tukakisimamisha, tukabishana, tukarudia, mpaka betri za kaseti zikaanza kumfanya Mhispania aimbe kama mlevi. Na kwa sababu kaka alikuwa kaka, mwishoni alishindwa kujizuia, akaongeza sebene, ule mwisho wa haraka wa kuchezea. Mimi nilikasirika, kisha nikacheza.

Shule ilipofunguliwa tukaenda kumpigia masera uani, sote watatu, kaka amevaa shati lake la orkestra. Masera alisikiliza kidogo, akaweka mkono mdomoni. Mabega yakaanza kutikisika. Tulipofika kwenye sebene alikuwa amekaa kwenye ngazi anafuta machozi kwa shela lake.

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, sijawahi kuficha. Nikamwuliza, tumekosea wapi?

"Hamkukosea popote, mwanangu," akasema kwa Kiswahili chake cha vitabu. "Mmepiga vizuri ajabu. Lakini huyu wa kwenye kaseti ni mtu mmoja."

"Haiwezekane, masera," kaka akasema. "Kidole kimoja hakivunji chawa."

Masera akachukua gitaa langu, akalegeza uzi wa sita ili ushuke chini zaidi, akakaa, akapiga mwanzo wa ule muziki. Wote watatu walikuwamo. Kaka alizunguka nyuma ya kiti chake kutazama kama kuna kitu kimefichwa. Tulipofika mlangoni kwetu akaniambia, "Ule masera haiko mutu wa kawaida."

Nilitaka na mimi niwe mtu asiye wa kawaida. Ikanichukua muda mrefu. Vidole vingine vilitii, lakini gumba lilikuwa na kichwa kigumu. Kila vidole vilipoimba, nalo lilitaka kuimba, badala ya kukaa chini na kutunza besi kama mtu mzima. Kulikuwa na sehemu moja yenye kuruka ambayo ilinitoa machozi ya hasira. Nilipiga asubuhi kabla ya kuteka maji na jioni baada ya kuosha vyombo. Mama alilalamikia kucha zangu, kwa sababu muziki ule unataka kucha ndefu za mkono wa kulia na fupi za kushoto, na binti mwenye mikono miwili isiyofanana haonekani vizuri anapomenya viazi. Baba hakusema kitu, wala kizuri wala kibaya. Alikuwa mtu wa ng'ombe na maneno machache, akija na kwenda kati ya Goma na milima ya Masisi.

Masera alipomaliza muda wake na kurudi kwao, aliniachia gitaa lake mwenyewe. Nililia siku ya kumsindikiza, naye akalia akicheka. Kisha uzi wa kwanza ukakatika. Goma nzima hapakuwa na mtu aliyeuza nyuzi za namna ile, na za chuma za kaka zingeng'oa shingo ya gitaa. Nikashuka Kituku kwa wavuvi, nikaomba nailoni ya kuvulia samaki wakubwa. Baba mmoja aliyekuwa anatengeneza mtumbwi wake aliposikia kazi yenyewe aliacha kila kitu. Alifunga nailoni kwenye kidole chake cha mguu, akaivuta kwa meno, akaigonga kwa kidole.

"Ni ile sauti?" akauliza.

"Hapana, papa. Ya juu kidogo."

Akavuta zaidi, macho yakamtoka. Wavuvi wengine wakakusanyika, kila mmoja na nailoni yake na maoni yake, na wanawake wa samaki wakaacha kuuza ili kuona wanaume wazima wakipigana na vidole vyao vya mguu. Tukaipata. Tangu siku ile gitaa langu lilikuwa nusu la Uhispania na nusu la Kituku, na sijaona tofauti.

Basi nikachumbiwa. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, kijana wa Rutshuru, mpole kuliko mimi, jambo ambalo si gumu. Nilimpenda, na ninasema hivyo bila haya. Kabla ya mahari, shangazi yake alikuja kunitazama, kama ilivyo desturi. Nikamletea chai. Hakutazama chai, alitazama mikono. Alirudi kwao akatoa ripoti: binti ni mzuri, ana heshima, lakini mkono mmoja haujawahi kushika jembe, tena anapiga gitaa. Jibu likaja upesi. Ndoa wanaikubali. Gitaa libaki kwa baba yake, kwa sababu mke mwenye gitaa ni mke wa baa.

Mchumba wangu alijaribu kunitetea, wakamwambia kijana hajiposei mwenyewe, akae kimya. Akanijia na uso mrefu. Nikamwambia gitaa likibaki, na mimi nitabaki. Akasema alikuwa anajua nitasema hivyo. Kisha tukakaa tumeshikana mikono, maana mimi nilivitaka vyote viwili, yeye na gitaa, na sikuona njia ya kuvipata.

Siku ya mahari ua wetu wa Murara ulifungwa turubai, wageni wa Rutshuru upande mmoja, wetu wa Masisi upande wa pili, pombe ya kasiksi na fanta katikati. Desturi yetu ni kwamba bibi harusi hafahamiki yuko wapi. Anafichwa chumbani mpaka wazee wakubaliane, na huko nje wasemaji wa pande mbili wanadanganyana kwa adabu. Msemaji wetu aliapa kwamba nyumba hii haina binti, ina mbuzi tu, na mbuzi mwenyewe ni mkali. Hapo hakusema uongo sana. Mimi nilikuwa nimekaa kitandani na shangazi yangu, dada ya baba, mwanamke mnene aliyejaza kiti mlangoni ili nisichungulie. Nyumba ilikuwa ya mbao. Nilisikia kila neno.

Mtu wao akasimama akasifu ng'ombe wa mahari, kwa ule mtindo wa kusifu ng'ombe kama mtu anavyosifu malkia. Mmoja alikuwa mwekundu mwenye kipaji cheupe. Alimsifu mpaka wazee wetu wakaugulia kwa raha. Kisha akasimama mjomba wa mchumba wangu, mtu wa ofisi ya zone, yaani ya wilaya, abacost imepigwa pasi mpaka inakata.

"Citoyens, wananchi," akasema, "sisi tunafurahi. Lakini tulisha tuma neno, na ninalirudilia mbele ya wote. Ile gitare ya wazungu haiko authenticité yetu. Muke wetu atakuja na mikeka, atakuja na vyombo vya maziwa. Gitare itabakia hapa."

Authenticité ndilo lilikuwa neno la chama, kuacha ya wageni na kushika ya mababu. Nikasubiri baba ajibu. Mchumba wangu hakuruhusiwa kusema, mimi sikuruhusiwa kuonekana, na baba, aliyeruhusiwa vyote, alinyamaza. Damu ikanipanda. Gitaa lilikuwa limetundikwa kwenye msumari nyuma yangu.

"Weye mutoto, unafanya nini?" shangazi akanong'ona.

"Ninapiga tu, shangazi."

Nikaanza toka mwanzo, kwa hasira, na hasira iliipa besi uzito ambao haijawahi kuwa nao. Gumba lilitii. Vidole viliimba. Nilipofika mahali pa kugonga kama ngoma, niligonga mpaka kikombe kikaanguka mezani. Huko nje maneno yakaisha. Kisha nikasikia sauti ya shangazi wa mchumba wangu, kali kama ya kuku aliyeona mwewe.

"Kuko wanaume mule chumba!"

Ua ukalipuka. Bibi harusi amefichwa na wanaume! "Ninasikia batu tatu," mjomba wa abacost akasema. "Moya wa solo, moya wa besi, na ule wa ngoma." Alihesabu kama mtu yeyote wa Goma. Baba akasema humo yumo binti yake na dada yake tu.

"Basi dada yako njo anapiga ngoma?" mjomba akauliza.

"Miye sijagusa kitu!" shangazi yangu akapiga kelele kutoka kitini, na hiyo haikusaidia hata kidogo.

Shangazi wa Rutshuru akaja kukagua. Alivuta pazia, akatazama nyuma ya mlango, akapiga magoti akatazama chini ya kitanda, akafungua hata sanduku la nguo, kana kwamba mtu wa besi angekunjwa humo. Nilikaa na gitaa mapajani, nikimwangalia kwa heshima zote. Akatoka akasema niko peke yangu na yule mama mnene. Hawakumwamini. Vijana wakatumwa nyuma ya dirisha kutafuta nyayo za waliokimbia, lakini mawe yetu ya volkano hayashiki nyayo, kwa hiyo hata kutokuwa na nyayo kukawa ushahidi.

Msemaji wao, muzee mwembamba mwenye kofia, akaomba nipige tena, wao wakitazama. Msemaji wetu akaruka: bibi harusi haonekani kabla ya makubaliano! Wakabishana mpaka wakapata njia. Dirisha lingefunguliwa, lakini mimi nifunikwe uso. Shangazi akanitupia kitenge kichwani, mikono tu ikabaki nje.

Nikapiga nikiwa gizani, ndani ya harufu ya kitenge kipya. Kupitia chini ya pindo niliona vidole vyangu na ukingo wa dirisha, na kwenye ukingo mikono ya wazee ikisukumana. Safari hii nilianza na ule wa polepole, wa kukamua. Hasira ilikuwa imeniisha, nilikuwa natetemeka kwa kicheko, na nikaupiga kama mtu anayecheka na kulia pamoja. Kisha nikaingia kwenye ule wa haraka, nikafika kwenye sehemu yangu ngumu, nikaivuka, na kabla sijamaliza wakaanza kupiga makofi kwa mapigo yake, wakaipatia, wakaikosa, wakaipatia tena.

"Iko peke yake," yule muzee wa kofia akatangaza. "Nimehesabu vidole."

Na shangazi wa Rutshuru akasema, kwa sauti ya mtu anayelipa haki, "Kumbe zile kucha njo jembe yake."

Ningependa kusema mambo yaliishia hapo. Lakini mjomba alikuwa ameshatoa sharti mbele ya watu, na mtu mkubwa wa ofisi hamezi neno lake hadharani. Akasema ameona, ni ufundi, anapongeza, lakini sharti ni sharti. Gitaa linabaki.

Ndipo baba akasimama. Nilimjua kwa jinsi alivyokohoa.

"Ule ng'ombe wa kipaji cheupe," akasema, "murudi naye."

Huko jikoni mama akaita jina la Yesu. Kwetu kurudisha ng'ombe wa mahari ni kuvunja ndoa, na hakuna asiyejua. Chupa ilianguka upande wa wageni. Baadaye niliambiwa ni ya mchumba wangu.

"Sivunje ndoa," baba akaendelea polepole. "Ule kijana ni mutu muzuri. Lakini ninyi mulileta ng'ombe juu ya mutoto muzima. Munapomutosha gitare, munachukua nusu. Miye siwezi kula ng'ombe muzima juu ya nusu mutoto. Haiko adabu. Muchague."

Baba yangu! Mtu ambaye angelala zizini kama ng'ombe akikohoa. Sijawahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo kwa mfululizo, na sikuamini kwamba yalikuwa juu yangu. Nililia humo ndani mpaka kitenge kikalowana.

Kisha muzee wa kofia akasema ng'ombe akisha kusifiwa mbele ya watu hawezi kurudi nyumbani, ingekuwa aibu kwa ng'ombe mwenyewe. Kwa hiyo ng'ombe anabaki, na gitaa linakuja Rutshuru. Na kama mjomba anaona haya, gitaa likifika kwao litakuwa authentique. Wakacheka mpaka turubai likatikisika. Mjomba naye akacheka, mwishowe, akaomba bia nyingine. Shangazi akanifunua, akanipangusa uso, wanawake wakapiga vigelegele, nikatoka. Mchumba wangu alikuwa amelowana bia suruali nzima. Sijawahi kumwona mzuri vile.

Wageni walipoondoka jua lilikuwa bado halijazama. Nilikuwa chumbani nikifunga mikeka baba alipoingia, akakaa kwenye kiti cha shangazi. Nikamwuliza, "Papa, ungemurudisha kweli?"

"Ningemurudisha." Akafikiri kidogo. "Ningeumia, lakini ningemurudisha."

Kisha akasema wageni walijaa dirishani, yeye mwenye nyumba akabaki nyuma, akaona migongo tu. Akaniomba nimpigie. Kwa miaka yote katika nyumba ile hakuwahi kuniomba. Nikachukua gitaa, nikapiga vyote, ule wa polepole na ule wa haraka, naye amefumba macho, mikono juu ya fimbo yake. Nilipomaliza akafumbua macho.

"Kuko pahali kamoya," akasema, "unasimamaka kila siku, unarudilia, unarudilia. Asubuhi, na jioni. Leo haukusimama."

Alikuwa akinisikiliza kupitia ukuta muda wote. Nililiweka gitaa kitandani, nikaenda kumkumbatia.